Daktari wa Lulindi

Kitabu *Tanzanian Doctor* (1977), kumbukumbu za Leader Stirling, kinamfaa kila mchungaji aandikaye barua za kuomba msaada ng'ambo. Mwaka 1935 alifika Masasi na misheni ya UMCA, iliyotegemea sadaka za Waanglikana wa Uingereza. Huko Lulindi aliendesha hospitali ya udongo na nyasi, akafundisha wauguzi wenyeji. Hapo ndipo penye uzito wa kitabu. Baadaye akawa raia wetu, na Waziri wa Afya, 1975 hadi 1980. Lakini mgonjwa wa bonde la Ruvuma twamwona kwa macho ya daktari tu. Barua zetu nazo, hatuna budi kukiri, humtaja kwa idadi na picha, wala hatumwulizi kwanza iwapo aridhia.