Kilio, Maombolezo na Lalamiko: Juu ya Maneno ya Uchungu na Tafsiri Yake

0. Utangulizi

Kila lugha ina hazina ya maneno yanayotaja sauti ya mtu mwenye uchungu. Mengine huiga sauti yenyewe. Mengine hutaja tendo la mwili. Mengine tena hutaja shabaha ya anayelia, yaani anataka nini na anamwelekea nani. Mfasiri na mhakiki hukutana na maneno hayo kila mara, na mara nyingi huyatumia kana kwamba ni visawe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili na Kifaransa haviweki mpaka kati ya kilio cha msiba na dai la haki mahali pamoja, na kwamba asiyeuona mpaka huo huyasoma vibaya maandishi, na pengine humnyima mtu haki yake.

1. Sauti na mwili

Mfano ulio wazi wa uigaji wa sauti ni kitenzi kunung'unika. Katika kitabu cha Kutoka, Waisraeli walionung'unika jangwani kwa njaa na kiu wametajwa kwa Kigiriki kwa kitenzi gongyzō, kwa Kilatini kwa murmurare, na kwa Kiswahili kwa neno hilo la kunung'unika. Lugha hizo hazina asili moja, lakini kila moja imeunda neno lenye mvumo wa sauti ya chini isiyofungua kinywa sawasawa. Sauti hiyo ni ya wengi wanaosikika bila kutamka wazi, na ndiyo sababu wakubwa huiogopa na kuidharau kwa pamoja.

Maneno mengine hutoka katika mwili. Kilatini plangere maana yake ya kwanza ni kupiga, kisha kujipiga kifua kwa huzuni, na hatimaye kulia. Kutoka humo Kifaransa kimepata plaindre na plainte. Kiswahili nacho husema kupiga kite kwa mguno wa mwenye maumivu, na kwa neno uchungu hutaja ladha ya dawa, utungu wa mzazi na huzuni ya mfiwa.

Kitenzi kulia, kwa upande wake, ni kipana kupita vyote: mtoto analia, ndege analia, kengele inalia, ngoma inalia. Hakisemi lolote juu ya sababu ya sauti. Jina lake kilio, hata hivyo, limejipatia maana maalumu. Mjini Lubumbashi, kama katika miji mingine ya Kongo, kilio si sauti tu bali ni mkusanyiko wenyewe wa msiba, yaani siku ambazo ndugu na majirani hukaa nyumbani kwa mfiwa. Mwambao hutumia zaidi neno matanga, lakini methali yake yajua maana hiyo: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kilio basi kina mwenyewe, kina utaratibu, na kina watu wanaowajibika kuja.

2. Mpaka kati ya msiba na dai

Katika Kifaransa, neno plainte hutumika kwa sauti ya mgonjwa kitandani, na neno hilohilo ndilo linaloandikwa katika daftari la polisi. Kadhalika doléance, lenye asili katika kitenzi cha Kilatini cha kuumia, liliwapa Wafaransa jina la vitabu vya madai vilivyoandikwa mwaka 1789 kabla ya kukutana kwa Baraza Kuu la Taifa. Tena Kilatini querela, lalamiko, limezaa querelle, yaani ugomvi. Historia ya maneno hayo yaonyesha kwamba mtu aliyeumia huanza kwa kulia na huishia kwa kudai, na kwamba Kifaransa hakikuona haja ya kubadili neno njiani.

Kiswahili kimefuata njia nyingine. Kwa msiba kina kuomboleza na maombolezo. Kwa huzuni ya ndani isiyotoa sauti kina kusononeka. Kwa mashauri ya baraza na mahakama kimechukua Kiarabu: shtaki, mashtaka, dai, madai, haki. Jambo la kuangaliwa ni kwamba katika Kiarabu chenyewe shakwā ni pana, hutumika kwa maumivu ya mwili na kwa shauri mbele ya mtawala. Kiswahili kilipokopa kutoka mzizi huo kilichukua upande wa shauri na kuuacha ule wa maumivu, kwa kuwa kwa maumivu kilikuwa na maneno yake. Taazia vilevile, iliyotoka katika neno la kuwapa pole wafiwa, imebaki upande wa msiba, na umbo lake tanzia limepewa na wahakiki kazi ya kutaja tamthilia yenye mwisho wa huzuni.

3. Mashaka ya neno lalamiko

Kati ya pande hizo mbili limesimama neno moja lisilotulia: kulalama, pamoja na kulalamika. Asili ya matumizi yake ni kulia kwa kuomba huruma. Anayelalama yuko chini, na aliye juu yake ana hiari ya kumhurumia au kumwacha. Hata hivyo, lugha ya ofisi imelichagua neno hilo kufasiri plainte, na mahakama za Afrika Mashariki zinasema mlalamikaji na mlalamikiwa. Nchini Kenya mleta shauri huitwa pia mlalamishi, hali katika matumizi ya wengi mlalamishi ni mtu mwenye tabia ya kulalamika bila kukoma. Neno moja, basi, lamtaja mwenye haki na msumbufu.

Si jambo dogo. Katika Kongo, ambako Kifaransa ni lugha rasmi na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, mtu wa kawaida hueleza mambo yake kwa Kiswahili, na afisa huandika kwa Kifaransa. Mama anayesema amekuja kudai shamba la marehemu mumewe ametaja haki. Akisomewa maandishi yake tena kwa Kiswahili, na kuambiwa kwamba lalamiko lake limepokelewa, dai limegeuka ombi la huruma. Mwandishi wa hati hakukosea kwa mujibu wa kamusi. Amekosea kwa mujibu wa cheo alichompa msemaji. Neno dai, au shtaka pale ambapo pana mkosaji anayetajwa, lingemwacha mama huyo amesimama.

4. Matokeo katika uhakiki

Kosa hilohilo laonekana katika usomaji wa fasihi. Kutoka jina la nabii Yeremia, ambaye mapokeo yanamhesabu mwandishi wa Maombolezo, Kifaransa kimeunda jérémiade, neno la dharau kwa manung'uniko marefu yanayochosha. Kwa Kiebrania kitabu hicho huitwa Eikha, neno lake la kwanza, ambalo ni mshangao: jinsi gani! Mshangao huo wa mbele ya mji ulioanguka si uchovu wa mtu asiyeridhika, na mhakiki anayetumia jérémiade kwa kila andishi la mateso ya Waafrika amekwisha kulihukumu kabla ya kulisoma.

Kasala ya Waluba yafaa kukumbukwa hapa. Hutolewa kwenye msiba, pamoja na nyakati nyingine kuu, na machozi hayakosekani. Lakini mwili wake ni majina ya sifa na nasaba. Clémentine Faïk-Nzuji, katika kitabu chake kilichotolewa Lubumbashi mwaka 1974, aliiita wimbo wa kishujaa, si wimbo wa huzuni. Uteuzi huo ni wa haki: anayeomboleza humo humtukuza marehemu na ukoo, wala hamwombi mtu huruma.

Mfano wa pili ni Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, kwa Kiswahili cha mjini humo, na kuchapishwa pamoja na tafsiri na Johannes Fabian mwaka 1990. Aisomaye kama malalamiko ya maboi wa zamani ataona taabu tu. Lakini andishi hilo linaanza na wafalme na kuingia kwa Wazungu nchini. Linajiwekea cheo cha historia. Taabu inayotajwa ndani yake ni ushahidi, na ushahidi ni mali ya upande wa dai.

5. Hitimisho

Mnamo Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière mjini humo waligoma wakitaka nyongeza ya ujira, na askari wakawapiga risasi. Yalifuata maombolezo kwa waliokufa. Kabla yake lilikuwapo dai lenye hesabu. Mwandishi wa Kiswahili ana maneno mawili kwa mambo hayo mawili, na hana sababu ya kuyachanganya kwa kufuata plainte. Atakayefasiri na aulize kwanza: je, msemaji huyu analia pamoja na wafiwa, anaomba kuhurumiwa, au anadai kilicho chake?