Mawazo ya Kazimoto

Wengi waliosoma Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, husema Kazimoto aliuawa na mawazo. Msomi wa Chuo Kikuu, akajichunguza mno, akaishia kujiua. Mimi sikubali.

Msomaji, tuangalie kwanza ubongo wenyewe. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake, huko St. Louis, Marekani, walieleza kwamba mtu anapokaa tu bila kazi, ziko sehemu za ubongo zinazochangamka zaidi, katikati kwa mbele na katikati kwa nyuma. Akipewa hesabu ya kufanya, zinapoa. Ndizo zinazohusika tunapokumbuka ya jana, tunapopanga ya kesho na tunapojiuliza watu wanatuonaje. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nguvu zake, na kazi ngumu huongeza kidogo sana juu ya hapo. Basi mzee aliyeketi barazani huku Tengeru, macho yakiwa kwenye Mlima Meru, hakukaa bure. (Waliotuchapa darasani kwa kosa la kuzubaa hawakuyajua haya.)

Ni kweli, utafiti wa Harvard wa mwaka 2010 ulikuta kwamba akili za watu huwa mbali na wanalolitenda karibu nusu ya nyakati walizoulizwa, na kwamba hapo furaha yao hupungua. Lakini si kila kwenda mbali ni kumoja.

Kezilahabi amemwacha Kazimoto asimulie mwenyewe, na hapo ndipo penye nguvu ya kitabu: tumo ndani ya kufikiri kwake. Hebu fuata mawazo hayo yanakwenda wapi. Hayafiki mbali. Ni mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Hutembea kutwa, na majani aliyokula ni duara moja. Watafiti wa sonona wamekuta sehemu hizohizo za ubongo zikihusika katika fikra za namna hiyo, za mtu kuirudia nafsi yake. Mawazo yanayozurura kweli hupita sokoni Kilombero, yakamkumbuka shangazi, yakazua wimbo. Lawama yangu kwa mwandishi ni hiyo: kila Kazimoto anapokaribia kuchepuka, anavutwa arudi kwenye swali lake. Kilichomuua ni kamba.

Kijana mmoja wa ukoo wetu aliwahi kukaa hivyo, miezi, uso kaugeuzia mlima. Wazee wakasema anawaza sana, apewe jembe. Alilima vizuri, na mawazo yakalima pamoja naye. Siku hizi anaye mtu wa kuzungumza naye kila juma, na juzi alinisimulia habari ndefu, isiyo na kichwa wala miguu, juu ya nyani wa Momela. Nilicheka mpaka chai ikapoa.

Aliniomba pia kitabu cha kusoma. Kichwamaji ipo hapa rafuni, na sijamwazima bado.