Mkono wa Jagi la Ennion

Jagi la kioo la Ennion, lililomo Corning Museum of Glass huko Marekani, lina takriban miaka 2,000. Tumboni lina kibao kidogo cha herufi za Kigiriki: Ennion ndiye aliyelifanya. Mimi namwamini nusu.

Herufi hizo zilichongwa kwenye kalibu. Mpulizaji alichota kioo kilichoyeyuka kwa bomba, akakipuliza ndani ya kalibu, na tumbo likatoka na mapambo pamoja na jina. Kalibu ile ile ingeweza kutumiwa tena, hata na mtu mwingine, Ennion akiwa amelala zake. Mkono ndio haukutoka humo. Ilibidi mtu achukue tonge la kioo cha moto, alibandike begani, alivute hadi mdomoni na kulikunja kabla halijakauka. Hapo hakuna kalibu ya kumwongoza.

Mwaka 2014 Metropolitan Museum ya New York ilifungua maonyesho yaliyomwita Ennion bingwa wa kioo cha Kirumi. Kwa uchongaji wa kalibu, sibishi. Ila nikitazama picha za jagi hili, jina nalisoma mara moja tu, kisha narudi kwenye mkono.