Printa ya Jomvu Kuu Haijui Umarekani

Kosa la libpaper, maktaba inayoziambia programu ukubwa wa karatasi, ni moja, nalo ni kubwa: ikikosa agizo la mtumiaji, hukisia karatasi kwa kutazama LC_PAPER, yaani lugha na nchi ulizoipa mashine. Chukua mfano.

Mtu wa Jomvu Kuu, Mombasa, anaweka Debian. Kwenye orodha anachagua Kiingereza cha Marekani, maana menyu zake anazisoma bila kukwama. Habari ya karatasi hajaitaja. Kumbe chaguo hilo, en_US ya glibc (maktaba kuu ya mfumo), limebeba milimita 216 kwa 279, na TeX Live ya Debian, mkusanyo wa programu za kupanga hati, huiuliza libpaper. Inajibiwa Letter, basi, imeridhika. Kazi inapelekwa saiba, printa inawasha taa na kugoma: lete Letter. Letter ya nani? Madukani hapa rimu ni A4, ukitoa fulskepu ya wanafunzi. Foleni imesimama, mwenye saiba anabofya ile amri ya kubana ukurasa, na maandishi yanashuka hadi asilimia 97 hivi. Hiyo amri ya kubana nimeipigia kelele muda mrefu. Inaficha kosa badala ya kulitoa, na rula iliyochorwa kwenye karatasi ya hesabu haipimi tena sentimita.

Kinachoudhi zaidi, sw_KE, Kiswahili cha Kenya, imo ndani ya glibc hiyo hiyo, na inasema A4. Kwa hiyo mwenye kupenda menyu za Kiingereza anatozwa faini ya karatasi! Aliyeamua hivi alidhani lugha ya mtu inajua kilichomo kwenye trei.

Zamani dpkg-reconfigure libpaper1 ilikuuliza waziwazi: karatasi gani? Ukajibu, jibu likakaa /etc/papersize, kwisha. Mpanga herufi wa risasi naye hakufunga fremu kabla ya kujua karatasi itakayopita mashineni. Hata Donald Knuth, aliyeanza TeX mwaka 1977, hakujitia kujua: faili ya DVI inayotolewa na TeX haikutaja ukubwa wa karatasi, ilipima kutoka inchi moja ndani ya pembe ya juu kushoto. (Najua, upana wake wa maandishi, hsize ya inchi 6.5, unanuka Letter. Nimemsamehe.)

Wa kulaumiwa wa pili ni LaTeX yenyewe. Usipoiambia kitu, darasa lake la article bado hushika letterpaper, hata pale injini ya pdfTeX imeshawekewa A4. Darasa linapangia upana wa milimita 215.9, injini inatoa ukurasa wa 210, na pambizo ya kulia inapungukiwa na karibu milimita 6. Chini kunabaki uwazi wa ziada wa milimita 17 na ushei. Utetezi ni kwamba nyaraka za zamani zisivurugike. Sawa, lakini DIN, shirika la viwango la Ujerumani, ilitoa A4 mwaka 1922, kabla LaTeX haijazaliwa.

Dawa ipo. TeX Live ya asili, isiyopitia Debian, huja na A4, na ikibadilishwa, amri ya tlmgr paper a4 huirudisha vizuri.

Kwenye Debian, zalisha sw_KE, kisha iweke kwenye LC_PAPER peke yake. Menyu zibaki Kiingereza. Amri ya paperconf ikijibu a4, hapo libpaper imenyooka. Article bado itataka a4paper kwenye mabano yake, kila hati, hadi watunzaji wa LaTeX watakapobadili nia.