Injili Haimnyang'anyi Mtoto Lugha Yake

Huko Arizona, Marekani, katika ardhi waliyotengewa Waapache wa White Mountain, ipo shule iitwayo Theodore Roosevelt. Serikali iliifungua mwaka 1923 kama shule ya bweni, katika majengo ya ngome ya Fort Apache, baada ya jeshi kuondoka.

Shule za namna hiyo zilifuata mfano wa ile ya Carlisle, Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1879 na mwanajeshi Richard Henry Pratt. Huko watoto wa wenyeji, wakiwamo Waapache, walinyolewa nywele, wakapewa majina mapya na kukatazwa lugha za mama zao. Mwaka 1892 Pratt alitetea kazi yake akidai kwamba wenyeji ulio ndani ya mtu sharti uuawe ili mtu mwenyewe aokolewe. Makanisa mengi yaliafiki, na mengine yaliendesha shule za aina hiyo.

Maneno ya Pratt yanafanana na mahubiri ya ubatizo, na hapo ndipo penye hatari. Ni kweli kwamba katika Kristo utu wa kale hufa. Lakini kinachokufa ni dhambi. Lugha si dhambi, wala nywele si dhambi. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwataka watu wajifunze kwanza lugha ya mitume. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake.

Wapo watakaosema kwamba watoto wale walipata kusoma na kuandika. Ni kweli, lakini kalamu ingeweza kutolewa bila kunyang'anya ulimi. Sisi Walutheri tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine, maana Luther aliwapa watu wake Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522. Nalo jambo hili latuhusu: Walutheri wa Sinodi ya Wisconsin walianza utume kwa Waapache wa Arizona mwaka 1893.

Leo shule ile ya Fort Apache iko chini ya bodi ya kabila lenyewe. Waapache waliishtaki serikali kwa kuyaacha majengo yachakae, na mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba wana haki ya kudai fidia. Zakayo angeelewa: toba hurudisha kilichochukuliwa.

Basi, tunapoombea shule zetu za kanisa, tuulize pia: mtoto anapoingia langoni, tunamwambia aache nini nje? Na je, ni Kristo aliyemwambia akiache?