Biskuti na foto

Leo nataka tujiseme sisi wenyewe, vijana wa diploma.

Kule Boston, Marekani, kuko kanisa bila ukuta. Jina lake Common Cathedral. Padri mwanamke wa Kiepiskopali, Deborah Little, alilianzisha katika miaka ya 1990. Siku ya Yenga, watu wanaolala inje wanakusanyika katika bustani kubwa ya katikati ya mji, hata wakati wa baridi kali. Wao wenyewe wanasoma Neno, wanaomba, wanasema vile wameelewa Injili. Makanisa mengine yanaleta chakula, na wenye kujitolea wanasimama ndani ya duara moja nao.

Hapo ndipo kuko somo. Kugawa mkate ni rahisi. Kusimama karibu na mtu anayenuka usiku wa barabara, na yeye ndiye akuombee, ni kitu ingine.

Sisi huku tunaendeaka maibobo na biskuti, tunakamata foto, tunatuma WhatsApp, tunarudi. Hata mimi nilikuwa ndani ya foto moja ya vile. Jina la mtoto niliyemshika bega? Sikuuliza.

Utasema: njaa haingoji sala. Ni kweli, biskuti ziende. Lakini mtu unayempa kila mara bila kumuomba kitu, unamwambia paka neno moja: wewe hauna kitu.

Safari ijayo tuache simu nyumbani. Tuulize jina, tuseme na letu. Kisha tumuombe atuombee.