Pembe Zilizo Porini na Merikebu Zisizojengwa

Katika Kiswahili cha misafara ya bara, neno "tajiri" halikuwa na maana ya mwenye mali tu. Tajiri ndiye aliyemkopesha msafiri merikani, kaniki, ushanga na masango, kisha akabaki Unguja au Bagamoyo akingojea pembe. Msafiri alikuwa mdeni wake. Kila mmoja aliitwa kwa nafasi yake katika deni, na jina hilo lilitangulia kusema hasara ikiingia itamwangukia nani. Makala haya yanadai kwamba biashara ya kitu kisichokuwapo bado hupimwa kwanza kwa majina hayo, na kwamba biashara mpya ya merikebu za angani, inayobishaniwa sana na vijana na wazee wao, imepotoka papo hapo.

Biashara yenyewe ni hii. Mwaka 2012 Chris Roberts, mtungaji mashuhuri wa michezo ya kompyuta, aliuomba umma umchangie kwa njia ya intaneti apate kutengeneza mchezo wa safari za angani uitwao Star Citizen. Ahadi ilikuwa utoke mwaka 2014. Haukutoka. Michango nayo haikukoma: Septemba 2022 jumla ilivuka dola milioni 500, ilhali mchezo ulikuwa ungali katika hatua ya majaribio. Sehemu kubwa ya fedha hizo imetokana na kuuza merikebu za ndani ya mchezo, na baadhi yake huuzwa zikiwa michoro na maelezo tu. Mwaka 2018 kampuni yake, Cloud Imperium Games, iliweka sokoni fungu la merikebu karibu zote kwa dola 27,000. Waliotoa fedha hawaitwi wanunuzi. Huitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya waungaji mkono.

Watetezi husema kwamba jambo kubwa halijengwi bila watu kuliamini kabla ya kuliona. Hoja hii si nyepesi, na historia ya Tabora inaipa nguvu. Mji ule, ambao Burton aliufikia mwaka 1857 akauita Kazeh, ulisimama juu ya imani ya namna hiyo. Kutoka Bagamoyo ni mwendo wa kilomita 800 hivi, na mpagazi wa Kinyamwezi alichukua kiasi cha frasila mbili begani. Bidhaa alizozipandisha aghalabu zilikuwa za mkopo, na pembe zilizotarajiwa kuzilipa zilikuwa zingali vinywani mwa ndovu, pengine ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Asiyekubali kutoa mali kwa kitu asichokiona hakufanya biashara ya bara.

Ushahidi bora tulio nao kwa Kiswahili ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa mkono wa Heinrich Brode. Wengi hukisoma kama kitabu cha vita na safari. Kikisomwa kama kitabu cha hesabu hufunguka zaidi. Mwandishi ni mwepesi wa vitendo na mzito wa maelezo: nchi anazozipita hazimshughulishi kwa uzuri wake, lakini mali, madeni na pembe havimponyoki. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mtu mkubwa wa Tabora, naye alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Nasaba na mali ya namna hiyo ndizo zilizomfanya kijana aaminike. Baadaye Taria Topan, mfanyabiashara Mhindi wa Unguja, akawa tajiri wake. Safari ya tatu ilianza 1870, na Hamed hakurejea Unguja ila mwaka 1882. Miaka 12 ni mirefu hata kwa mnunuzi wa merikebu.

Je, mambo haya ni mamoja? La hasha. Topan alikuwa mwia, na deni lake lilikuwa deni. Hatari za njia hazikufichika kwake: mwaka 1871 vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya Ujiji, na mali ikakwama. Kadhalika wapo wadeni waliokaa bara miaka na miaka ili wasionane na matajiri wao. Thomas McDow, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu deni na safari za Bahari ya Hindi ya magharibi, ameonyesha jinsi kwenda bara kulivyokuwa njia ya mdeni kujipatia muda. Lakini kukimbia deni ni kulikiri. Hakuna aliyepata kumkimbia muungaji mkono.

Hamed mwenyewe hakusalimika na madai. Februari 1887 alifunga mkataba na Stanley wa kumpatia wapagazi 600. Mkataba ulipokwenda mrama, Stanley alimfungulia mashtaka Unguja akidai paundi 10,000, naye Hamed alijibu kwamba baruti aliyoahidiwa hakupewa. Shauri halikuendelea hadi mwisho, lakini kila upande ulikuwa na neno la kusema na mahali pa kulisemea. Linganisha na mnunuzi mmoja ambaye mwaka 2018 alidai arejeshewe dola 4,500 alizotumia katika Star Citizen. Shauri lake liliondolewa mahakamani, kwa kuwa masharti aliyokwisha kuyakubali yalitaka ugomvi uamuliwe na msuluhishi nje ya mahakama.

Msomaji wa visiwani hana haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo. Fiqhi imeruhusu bei ya salamu, yaani kulipia bidhaa kabla ya kuipokea, kwa sharti kipimo chake, sifa zake na muda wa kuitoa vijulikane. Imeruhusu pia kumwagiza fundi kitu cha kutengenezwa, kama jahazi, mradi sifa zake zibainishwe. Kwa hiyo kuuza kisichokuwapo si dhambi peke yake. Lililokatazwa ni kuuza kisichojulikana. Merikebu ya mchoro, ambayo sifa zake zaweza kubadilishwa na siku yake ya kutolewa haikutajwa, inaangukia upande huo. Si ajabu kwamba mwaka 2021 wasimamizi wa matangazo ya biashara nchini Uingereza waliielekeza kampuni hiyo ibainishe wazi merikebu ambazo hazijawa tayari.

Ushairi nao una kipimo chake. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mji ulio mwisho wa njia hiyo hiyo ya misafara, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Na wanamapokeo wameshika kwamba ubeti hauna budi kujitosheleza. Utenzi waweza kukatika katikati, mtunzi akafa, nasi tukaupenda, maadamu kila ubeti uliotufikia umetimia. Kwa kipimo hiki lazima tuwe waadilifu: zipo merikebu za Star Citizen zinazoruka leo, na aliyenunua ya mchoro huazimwa nyingine aitumie akingoja. Hizo zinazoruka ni beti zilizotimia, na mwenye kuzifurahia hakudanganyika. Mchoro ni mizani na vina bila maneno. Haufai kutozwa bei ya ubeti.

Hata hivyo tusiipambe Tabora. Hati ya deni ilitaja watu wawili. Mpagazi aliyekufa njiani hakuwamo, wala mateka aliyeuzwa ili hesabu ya pembe itimie. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia kwa jina la njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, na jina hilo ni la haki. Kasoro kubwa ya Maisha, kama kazi ya sanaa, ni kwamba watu hao huingia kitabuni kwa idadi zaidi kuliko kwa majina. Mizigo yao inahesabiwa na midomo yao imefungwa. Uchungu wao haufanani hata kidogo na masikitiko ya mtu aliyenunua merikebu ya mchezo, lakini unatufunza kuuliza kila mara: ni nani atakayebeba hasara, na je, jina lake limeandikwa?

Katika biashara ya angani jina limeandikwa, ila limeandikwa vibaya. Mwenye kuunga mkono ametoa kwa mapenzi, na mwenye mapenzi hadai. Mwenye kununua ametoa thamani, naye ana haki ya kuuliza siku. Kampuni imepokea fedha za wa pili ikampa heshima ya wa kwanza. Wahakiki hatuna mahakama wala soko, bali tumewekewa maneno amana. Basi aliyelipa aitwe mnunuzi, na aliyepokea kabla ya kutoa aitwe kwa jina lile ambalo Tabora nzima ililijua: mdeni.